Maswali Yenu: Modeli ya hospitali ukiifungia kwa laptopu yako, nani ataikagua?

Salamu kwenu wasomaji wote wa Kampala, Arua, Mbarara, Bombo na nyi mnaotusoma mkiwa mbali. Mwezi huu barua za simulesheni zimezidi zingine zote, kwa hiyo nimeamua tuzijibu pamoja. Kwa wale ambao hii maneno ni mpya kwao, simulesheni tunayoongelea hapa ni programu ya kompyuta inayoigiza kituo cha afya, wagonjwa wa kubuni wanaingia, wanapanga foleni, wanaonwa, wanaenda maabara, wanachukua dawa wanarudi nyumbani, na we unaweza kujaribu mabadiliko humo ndani kabla hujayafanya kwa watu wa kweli, mfano ukiongeza tabibu mmoja asubuhi foleni itapungua kiasi gani. Majibu ya modeli hizi yanapelekwa kwa wakuu wa hospitali na hata wizarani, ndo maana mi nalichukua jambo hili kwa uzito sana.

Mwalimu, habari za kazi. Mi nasoma masters hapa Kampala, nimetengeneza modeli ya foleni ya OPD (wagonjwa wa nje) ya kituo kimoja cha afya daraja la IV kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Supavaiza wangu anasema nikiweka mchoro na jedwali la namba kwa tasnifu inatosha, msimbo (yale maandishi yenyewe ya programu) nibaki nao. Mwenzangu wa darasa anasema lazima niuweke wazi ili wengine waweze kurudia. Nani yuko sawa? Na nikiweka wazi naweka nini hasa?
*Mwanafunzi, Wandegeya*

Mdogo wangu, mwenzako yuko sawa. Supavaiza wako naye hajakosea kusema jedwali linahitajika, kuna hata mwongozo unaitwa STRESS unaokuambia ueleze nini ukiripoti simulesheni, lengo la modeli, data zilitoka wapi, mgonjwa anapita njia gani, umeirudia mara ngapi, programu ipi na toleo lipi. Ufuate huo. Lakini maelezo peke yake hayafiki mbali, na nikuonyeshe kwa kitu kidogo kabisa.

Tuseme kwa tasnifu umeandika kwamba muda wa kuonwa na tabibu una wastani wa dakika 8 na mgawanyo wake ni eksponenshali, yaani wengi wanaisha haraka na wachache wanachukua muda mrefu. Sentensi imenyooka. Sasa mtu wa Gulu anaisoma anataka kuijenga modeli yako upya. Akitumia R, lugha nyingine ya programu, ile funksheni ya rexp haitaki wastani, inataka kasi, yaani 1 gawa kwa 8. Akija kwa Python, expovariate nayo inataka kasi, lakini exponential ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inataka wastani wenyewe. Akichanganya akaandika 8 kwa rexp, tabibu wake anamaliza mgonjwa mmoja kwa wastani wa sekunde saba na nusu, foleni yote inapotea. Hilo angalau ataliona manake limezidi. Ila je kama kwa karatasi umeandika 8 na kwa msimbo ulishabadilisha ikawa 10 wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha? Hiyo hakuna jicho litaiona, matokeo yatakuwa na sura nzuri tu, mtu atahangaika na kujilaumu yeye kumbe karatasi na kompyuta yako zinasema vitu viwili.

Na sio mambo ya kufikiria tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter kule Uingereza, kwenye kazi yao inayoitwa STARS, walichukua modeli nane za afya zilizokwisha chapishwa, zote za Python au R na zote msimbo wake uko wazi, wakajaribu kurudia matokeo yake moja moja. Nne zikarudi kamili. Nne zingine zikarudi nusunusu, kuna moja ilitoa asilimia 12.5 tu ya matokeo yaliyoandikwa, na kuna modeli iliwala mpaka masaa 28 ya kutafuta shida iko wapi. Kumbuka hawa ni wale walioshea! Waliyoyakuta ndo hayo hayo, namba za kwenye makala hazifanani na za kwenye msimbo, leseni hakuna, na sehemu ya msimbo inayochora grafu au inayoendesha yale majaribio mbalimbali haikuwekwa kabisa.

Kwa hiyo weka modeli yenyewe, weka faili la namba zote unazoiingizia, na weka pia ile skripti inayotoa kila jedwali na kila grafu iliyo kwa tasnifu. Hii ya mwisho watu wanaisahau sana, mtu anaweka injini alafu grafu alizichora kwa mkono kwa Excel usiku mmoja na hakuna anayekumbuka alifanyaje. Weka faili la README linalosema kwa lugha ya kawaida modeli inafanya nini na uanzie wapi kuiendesha.

Alafu matoleo. Usiandike tu nimetumia Python, andika Python ngapi, SimPy (maktaba ya simulesheni ya Python) ngapi, NumPy ngapi, conda itakusaidia kuyahifadhi yote kwa faili moja, na wenzetu wa R wana renv. Nakusisitizia hapa manake mwaka 2019 R ilipofika toleo la 3.6.0 walibadilisha jinsi funksheni ya sample inavyochagua, basi mtu mwenye msimbo ule ule na mbegu ile ile akapata wagonjwa wengine kabisa kuliko wa mwaka uliopita. Hajagusa kitu, ni toleo tu limebadilika.

Nimetaja mbegu. Kompyuta ikichagua namba za kubahatisha inaanzia kwa namba moja ya mwanzo, hiyo ndo mbegu, ukiiandika mwenzako atapata mfuatano ule ule wa wagonjwa uliopata wewe. Endesha modeli mara nyingi kwa mbegu tofauti, siku moja ya kubuni haitoshi kusema kitu, lakini kila mbegu iandikwe. Na ukiweza, wagonjwa wanaofika wawe na mbegu yao na muda wa huduma uwe na yake, hapo ukilinganisha tabibu wawili na watatu utakuwa unawalinganisha kwa umati ule ule wa watu. Ila usijidanganye, kupata jibu lile lile mara mbili hakumaanishi jibu ni la kweli, kunamaanisha tu sasa watu wanaweza kulikagua.

Leseni usiiruke. Ukiweka msimbo GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kushea msimbo, bila leseni, kisheria haki zote bado ni zako, mtu anaweza kuutazama lakini hana ruhusa ya kuuchukua na kuubadilisha kwa hospitali yake. Leseni ya MIT ni fupi, inamwacha mtu atumie ila jina lako libaki. Ukimaliza, unganisha na Zenodo, hiyo ni hazina ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ya tangu 2013, haina malipo, itakupa DOI, yaani namba ya kudumu ya kulitambulisha toleo lako mtandaoni, na hata siku moja ukifuta akaunti ya GitHub nakala itabaki.

Kabla ya yote hayo mpe huyo mwenzako wa darasa folda nzima kwa laptopu yake, we kaa kando na usiongee. Akikuuliza swali lolote, jibu lake ulikuwa unatakiwa kuliandika kwa README. Na tasnifu mwambie supavaiza wako iwe na kiungo cha DOI, sioni chuo kitakachokukatalia.

Mwalimu, sisi ni wauguzi, hatujui mambo ya programu. Walikuja wataalamu na laptopu wakatuonyesha grafu, wakasema kompyuta imeonyesha wagonjwa wetu hawahitaji mtu wa tatu wa kuwaona. Sisi tunaona foleni kila siku na macho yetu. Tutabisha na kompyuta kweli?
*Muuguzi, Arua*

Dada yangu, mnaweza kubisha na ni haki yenu, kuuliza si ujinga. Modeli ni dhana za watu zilizowekwa kwa namba, na nyi musawo, wahudumu wa afya, mnaosimama pale kila asubuhi ndo mnajua kama dhana hizo zinafanana na kituo chenu.

La kwanza kuuliza ni wagonjwa wao wa kwenye kompyuta wanafika saa ngapi. Tuseme kwa siku mnapata watu 120 kwa masaa 8. Mtu akigawanya sawasawa anapata 15 kwa saa, na kama mna tabibu watatu wa dakika 8 kwa mgonjwa mnaweza kuona 22 na zaidi kwa saa, basi grafu itasema hakuna shida, hata mmoja anaweza kuondolewa. Lakini we unajua watu hawaji hivyo. Wanatoka kijijini alfajiri, wanataka kuwahi, 80 wako getini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kwa masaa hayo mawili tabibu watatu wameona 45, wanabaki 35 kwa benchi, na wa mwisho wao atangoja kama saa moja na nusu kabla hajaonwa. Wagonjwa ni wale wale 120, tabibu ni wale wale watatu, kilichobadilika ni saa ya kufika tu. Na hapo ukiondoa mtu wa tatu unaweza kuhesabu mwenyewe.

Waulize pia siku ya soko wameiweka, siku ya kliniki ya chanjo wameiweka, na tabibu akiitwa semina au maabara ikiishiwa vitendanishi modeli yao inafanya nini, au wagonjwa wao wa kubuni wanapimwa tu kana kwamba vitu viko daima. Na uwaulize kama waliwahi kulinganisha foleni ya kompyuta na foleni halisi yenu, kwa siku gani, nani alihesabu.

Kubwa kuliko yote, waombe wawaachie modeli. Sio grafu, modeli. Sa hivi si lazima muuguzi ajue kuandika programu ili aiendeshe, ukiwa na modeli ya Python wanaweza kuivalisha ukurasa kwa Streamlit, ya R wakatumia Shiny, we unaona vitelezi tu, unasogeza idadi ya tabibu, unasogeza dakika, unabonyeza, inakuonyesha. Mkisogeza wenyewe mkaona kwamba jibu linageuka kabisa ukibadilisha dakika mbili tu, mtajua ule ushauri umesimama kwa msingi gani. Wakisema haiwezekani kuiacha, waeleze kwa maandishi kwa nini. Mi kwa maoni yangu ushauri wowote unaogusa idadi ya wafanyakazi wa hospitali ya umma haufai kukubaliwa kama mwenye kituo hawezi kuurudia.

Ndugu mhariri wa maswali, mimi ni mtafiti. Nakubali uwazi ni mzuri ila nina hofu mbili. Kwanza mtu atachukua modeli yangu achapishe kabla yangu. Pili, niseme ukweli, msimbo wangu ni mbaya, umejaa mabaki, naogopa watu watanicheka.
*Mtafiti, Mbarara*

Ndugu yangu, hauko peke yako, ndo kawaida ya fani yenu. Kuna uchambuzi wa makala 564 za simulesheni za afya za aina hii ya foleni, za kuanzia 2019 hadi 2022, na zilizotoa modeli yenyewe zilikuwa 47 tu, asilimia 8.3. Yaani zaidi ya makala tisa kwa kumi zinakuambia niamini. Na hii ni kipindi kile kile cha korona ambapo modeli zilikuwa zinafunga nchi!

Kwa hofu ya pili nakwambia mficha uchi hazai. Unakumbuka ripoti ya Imperial College ya tarehe 16 Machi 2020, ile ya timu ya Neil Ferguson, iliyosema Uingereza isipofanya kitu watu 510,000 wanaweza kufa? Siasa za dunia ziligeuka na ripoti hiyo, lakini msimbo wake wakati inatoka haukuwa wazi, ulikuwa faili moja la lugha ya C la maelfu ya mistari lililoandikwa miaka mingi nyuma kwa ajili ya mafua. Wakausafisha kwa msaada wa watu wa Microsoft ndo wakauweka GitHub baadaye, na ukapigwa mawe kweli, waandishi wa programu waliusema vibaya sana mitandaoni. Ila angalia kilichofuata: Stephen Eglen wa Cambridge akauchukua, akauendesha mwenyewe, na mwezi wa sita mwaka ule ule akasema matokeo ya ripoti amefaulu kuyarudia. Msimbo mbaya uliofunguliwa ulijitetea. Ungebaki umefichwa zile kelele zingebaki na nguvu mpaka leo, na mi nawalaumu kwa jambo moja, kwamba ungekuwa wazi siku ile ile ya ripoti watu wangegombana kidogo na kusoma zaidi.

Kwa hiyo usingoje uwe mzuri. Futa neno siri za seva na njia za folda zako binafsi, ondoa mabaki ambayo hayatumiki kama unayo nafasi, andika README, uachie. Anayekucheka mara nyingi hajaachia wa kwake.

Hofu ya kwanza naielewa zaidi manake sisi huku mtu akichukua kazi yako hauna wakili wa kumfuata. Lakini fikiria, DOI ya Zenodo ina tarehe na jina lako, ni ushahidi kwamba ulikuwa nayo kabla yake, kitu ambacho modeli iliyojificha kwa laptopu haina. Unaweza pia kungoja uiachie siku makala inapokubaliwa, hakuna atakayekulaumu, ila usiniambie utaiachia mtu akikuandikia barua pepe, tunajua barua pepe hizo zinaishia wapi, mtu amehama chuo, laptopu imeibiwa, imekwisha.

Kuna jambo lingine hujaliuliza lakini barua yako inalinukia. Kama modeli yako iko kwa programu za kununua kama Arena, Simul8 au AnyLogic, hata ukiiweka wazi mtu bila leseni ya kulipia atapata shida kuifungua na kuibadilisha, na hospitali ya wilaya haitanunua. Hizo programu ni nzuri, sizitukani, zinakuonyesha wagonjwa wakitembea kwa skrini na mkuu wa hospitali anafurahi. Ila kwa utafiti wa umma mi ningekushauri SimPy au simmer ya R, zote bure. Na usifikiri uwazi ni mambo ya wazungu, wenzetu wa Malawi wana modeli ya mfumo mzima wa afya wa nchi yao, Thanzi La Onse, wameijenga wakishirikiana na vyuo vya Uingereza na msimbo wake mtu yeyote anaweza kuufungua GitHub sasa hivi akauona. Hata hapa kwetu, takwimu za wizara zinapita kwa DHIS2 na mafaili ya wagonjwa kwa UgandaEMR iliyosimama juu ya OpenMRS, zote ni programu huria. Tumeshazoea kula matunda ya wengine waliofungua kazi zao, tufungue na za kwetu.

Mimi nashughulika na data kwa hospitali. Watafiti wanataka tuweke kila kitu wazi pamoja na data za wagonjwa ili modeli irudiwe. Sheria inaruhusu?
*Mtunza data, Gulu*

Hapana ndugu, hapo simama. Sheria yetu ya kulinda data na faragha ya 2019 inaweka hali ya afya na rekodi za matibabu kwa kundi la data za pekee, zenye ulinzi mkali kuliko jina na simu. Na modeli haihitaji rekodi hizo ili iendeshwe. Kinachoingia ndani ya modeli ni wastani wa muda, kasi ya kufika kwa kila saa, asilimia ya wanaopelekwa maabara, hizo ndo za kuweka wazi, na unaweza kuongeza faili la wagonjwa wa kubuni lenye safu zile zile ili mtu aone msimbo unafanya kazi.

Angalia pia zile namba ndogo. Kufuta majina hakutoshi kama faili linaonyesha tarehe na saa ya kufika kwenye kliniki ndogo ambapo siku ile waliokuja ni watatu, mtu wa kijiji atawajua wote. Unganisha kwa wiki au kwa mwezi, na msimbo uliotumika kutoka rekodi mpaka wastani uweke wazi hata kama rekodi zenyewe zimebaki zimefungwa, ili mwenye ruhusa ya kamati ya maadili aweze kuukagua.

Mwalimu, mambo ya GitHub na Zenodo ni ya watu wenye intaneti. Kwetu bando ni ghali na netiweki inakuja inaenda. Tufanyeje?
*Msomaji, Kitgum*

Ndugu, modeli nyingi za aina hii ni maandishi tu, folda nzima inaweza kuwa ndogo kuliko video moja ya WhatsApp. Kinachokula bando ni kuweka Python na vifurushi vyake, kwa hiyo atakayekuja na modeli mwambie alete kila kitu kwa flashi, pip, kile kifaa cha kuweka vifurushi vya Python, ina amri ya kushusha vifurushi bila kuviweka, inaitwa pip download, alafu kwa mashine yenu mnaviweka kutoka kwa flashi bila intaneti kabisa. Ila ashushe vya aina ya mashine yenu, vya Windows kama mna Windows, na toleo la Python liwe lile lile, la sivyo havitakubali. Hata ule ukurasa wa Streamlit, japo unafunguka kwa brauza, unaendeshwa na laptopu yenyewe, netiweki ikienda unaendelea. Mkishaijaribu, mnayoyabadilisha yaandikeni kwa karatasi na tarehe, na siku mmoja wenu akishuka Gulu au Kampala ayatume kwa mwenye modeli, manake kituo cha Kitgum kikisema namba hizi hazifanani na sisi hiyo ni taarifa ambayo hawezi kuipata kwa njia nyingine yoyote.